Stola ya Kijani

Kalenda ya kanisa haikupangwa na mtu wa Dodoma.
Niliyajua hayo mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni,
Juni, nilipoitoa kabatini stola ya kijani,
nikaivaa, nikatazama dirishani:
vilima vyote rangi ya mkate uliochacha,
upepo ukizoa vumbi la uwanja wa mpira
na kulimwaga ndani ya kikombe.
Kijani ni rangi ya uhai, kitabu kinasema.
Nikakohoa, nikaanza ibada.

Majilio hapa tunangoja mara mbili:
Bwana, na bumu.
Hakuna aijuaye siku wala saa,
ila Bodi peke yake.
Nyemo wa ualimu, mwaka wa pili,
alikula mihogo siku tisa mfululizo,
kisha akaja kuniuliza
kama kungoja kwa hasira ni dhambi.
Nikamwambia sijui. Nikamkaangia mayai.
Usiku ule mvua ya kwanza ikapiga bati
na sala ya kufungia hakuna aliyeisikia.

Noeli mabweni ni matupu.
Tuliimba watu watano, pamoja na mlinzi,
Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa,
ambaye swala zake ni tano kwa siku
na beti zetu zote anazijua.

Lakini Kwaresima, hapo ndipo kalenda inapopotea njia.
Nje kijani tele, mtama umefika magotini,
mlenda unaota hata nyuma ya maabara,
nami nimevaa zambarau, nasema: fungeni.
Chilongani, mpiga kengele wangu, akacheka bila ubaya:
"Kwetu Mvumi mwezi huu hatufungi, Mchungaji.
Ghala ndilo lililofungwa."
Kijani chote kile, na suke la kula hakuna.
Mahubiri yangu ya kufunga niliyakunja,
sijayakunjua tena.

(Majivu yenyewe, niungame:
matawi ya mwaka jana yaliliwa na mchwa.
Nilichota jikoni kwa Mama Mbeleje, muuza chapati.
Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi,
na kidogo u mkaa wa Kiteto.)

Wiki ya Matawi matokeo yakatoka.
Chilongani amedisko.
Alikuja Ijumaa Kuu, kabla ya saa tisa,
akauweka ufunguo wa kanisa mezani,
juu ya somo la Mateso,
akaniomba nisimtaje mbele ya watu.
Maneno nilikuwa nayo, kasisi hayamwishii.
Yalinikaa kinywani kama zabibu mbichi.
Nikambebea begi mpaka barabarani.
Nilichelewa ibada,
na waumini wakadhani ukimya wangu
umeandikwa kitabuni.

Pasaka, alfajiri, kitasa kikagoma.
Ujanja wake aliujua mmoja tu.
Tukasimama nje na mishumaa,
wanawake ndio waliotangulia kufika,
tukiulizana nani atatufungulia.
Akaja Mzee Issa na bisibisi.

Sikuhubiri siku hiyo.
Au nilihubiri, sikumbuki.
Nakumbuka bawaba zikilia,
na harufu ya popo, na Nyemo akisema "haya, ingieni"
kama mwenye nyumba.

Pentekoste, katikati ya somo la ndimi,
simu ikatetemeka mfukoni. Nilisoma baadaye:
"Tumevuna uwele, magunia manne.
Mlango unainua kwanza, ndipo unazungusha."

Sasa ni Juni tena.
Jumapili ndefu zisizo na jina,
zinazohesabiwa tu, ya tatu, ya nne, ya kumi na moja.
Hombolo wanapogoa mizabibu,
visiki vimesimama vikavu kama vijiti vya kuni
na mkulima anavitazama bila wasiwasi.
Stola imeshika vumbi mabegani.
Nilikuwa naikung'uta kila wiki.
Leo nimeiacha.
Upepo uko mlangoni, wanafunzi saba wako nyuma yangu,
mmoja anapiga miayo.
Nainua kwanza.